Mashemeji Nyumbani Kwetu

Leo hakuna video. Kuna watu wamekuwa wakiniuliza ile baiskeli nyeusi ya kizee inayoonekana nyuma yangu kila nikirekodi ni ya nani, na mbona imeegemezwa ukutani kama msee anangoja matatu. Mmoja aliandika ati ni mapambo, nimeikodisha ndiyo nionekane nimetoka mbali. Nimejaribu kusimulia hii stori mbele ya kamera mara tatu na mara tatu nimeifuta. Acha niandike tu.

Hiyo ni Black Mamba. Kama umezaliwa Nairobi ya juzi pengine hujawahi kuinua moja. Ni chuma tupu. Haina gia, breki zake zinavutwa na vyuma badala ya waya, na ikigongana na boda nakuhakikishia boda ndiyo itaenda kwa fundi. Baba aliinunua mkono wa pili kabla sijazaliwa. Imebeba magunia ya mbolea, imebeba mtungi wa gesi, imebeba mathee akiwa na mimba yangu hadi kliniki, na ndiyo iliyonibeba mimi siku moja ya Oktoba ambayo nitafika hapo, ngoja kwanza.

Baba alikuja Nairobi mwaka 1998 akitoka Vihiga, akapata kazi Muthangari: ulinzi usiku, bustani mchana, mwishowe kila kitu. Nyumba ya ghorofa moja, uwanja mkubwa, mparachichi nyuma, na nyuma ya huo mparachichi vyumba viwili vya wafanyakazi. Hapo ndipo nimelelewa. Nikisema natoka Muthangari watu huniita babi. Bana, mboga tulikuwa tunanunua Kawangware kama kila mtu. Nilijua majina ya mbwa wa majirani kabla ya kujua majina ya majirani wenyewe.

Huo mwaka wa 1998 ndio mwaka AFC Leopards ilichukua ligi. Baba anasema aliiletea Ingwe bahati kwa kuhamia jijini. Mathee anasema aliiletea mkosi, kwa sababu tangu afike hawajaichukua tena. Mimi nimezaliwa 2003. Fanya hesabu. Nimeshabikia timu maisha yangu yote na kufikia ile jioni ninayotaka kuwasimulia, Septemba 2025, nilikuwa sijawahi kuiona ikiwa bingwa wa ligi hata siku moja. Tulipata kombe la ngao 2017, na baba alilisherehekea mpaka akapoteza sauti, lakini ligi ni ligi.

Mathee naye ni wa Siaya. Gor Mahia. Si Gor ya kuvaa jezi siku ya mechi halafu unaenda nyumbani, hapana. Mathee alitufundisha mimi na sista kanuni ya goli la ugenini kabla hatujajua kugawanya, kwa sababu bila hiyo kanuni huwezi kuelewa 1987: mbili mbili Tunis, moja moja Kasarani, na Gor ikabeba Kombe la Mandela mbele ya Espérance. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyobeba kombe la Afrika nzima. Baba alikuwa na miaka kumi na saba wakati huo, kijijini, redioni. Anasema alinyamaza. Mathee anasema hakuna mtu aliyenyamaza Kenya siku hiyo, na kwamba alishangilia kama wengine, ila anaona haya kukiri.

Kwa wale ambao hamfuatilii mpira wa nyumbani, na najua ni wengi kwa sababu kila nikiposti Ingwe mnaniuliza ni ya nchi gani: Gor na Leopards wakicheza huitwa mechi ya Mashemeji. Sababu ni kwamba Wajaluo na Waluhya wameoana kwa miaka mingi mpaka huwezi kutupa jiwe Busia au Maseno usimpate shemeji ya mtu. Leopards ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya, Gor ikaja 1968. Kwa watu wengi hilo neno ni utani tu. Kwetu lilikuwa ni hali halisi. Siku ya mechi mathee hakumwita baba kwa jina wala Baba nani. Alimwita shemeji. “Shemeji, chai yako hiyo hapo.” “Shemeji, leo utalala mapema.” Sheria ilikuwa anayefungwa anaosha vyombo wiki nzima. Zikitoka sare, naosha mimi. Sijui nani alipitisha hiyo sheria lakini miaka ya sare nimeteseka sana.

Mimi baba alinichukua kabla sijajua kuongea, akanivisha kofia ya bluu na nyeupe. Sista alipozaliwa, mathee alimwambia baba huyu usimguse. Kwa hivyo tulikuwa wawili kwa wawili, na ukweli ni kwamba hao wawili wengine walikuwa wanashinda sana. Gor ilipomaliza ukame wake 2013, mathee alilia. Kisha wakazoea, ikawa kila mara ni wao, na kufikia 2024 wakawa na mataji ishirini na moja. Kuna umri unafika unaanza kujiuliza kama baba yako alikupenda kweli akikuchagulia timu.

Lakini hebu niwape ile siku ninayoipenda zaidi, na haikuwa hata mechi ya Kenya. Tarehe 1 Juni 2019, fainali ya Ulaya, Madrid, Liverpool na Tottenham. Mtaani wote walikuwa wanaongea Salah na Kane. Kwetu ilikuwa Mashemeji. Fikiria: Tottenham ilikuwa na Victor Wanyama, ambaye alipitia Leopards kabla aende Ulaya, na babake, Noah Wanyama, alikuwa mchezaji wa Leopards. Liverpool ilikuwa na Divock Origi, na mjombake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor mwaka huo wa 1987. Mathee alikuwa ameshaamua. Tulikuwa tumebanana mbele ya televisheni ndogo, sufuria ya omena katikati. Dakika ya 87 Origi akafunga la pili. Mathee aliruka, akamwaga omena, akatoka nje kwenye bustani ya watu usiku huo akipiga vigelegele mpaka taa za nyumba kubwa zikawaka. Baba alikaa tu. Halafu akasema polepole, “Hata huko?” Akaenda kuosha vyombo.

Sasa, Oktoba.

Tarehe 23 Oktoba 2010 ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na miaka saba na baba alikuwa ameniahidi Mashemeji yangu ya kwanza uwanjani, Nyayo. Tulitoka Muthangari na Mamba, mimi nimekaa kwenye chuma cha mbele, kofia yangu kichwani. Expressway haikuwepo wakati huo. Tulishuka Waiyaki Way, tukapita Westlands, na pale Chiromo kwenye mteremko, tairi la nyuma likapiga pancha. Baba hakuwa na pampu. Tulisukuma hadi tukapata fundi chini ya mti karibu na Museum Hill, na huyo fundi alikuwa na foleni, na alikuwa mtu wa stori. Nililia. Nakumbuka nilipiga teke lile tairi. Fundi akacheka akasema mpira hauishi leo.

Tulipofika karibu na Nyayo tulikuta watu wanakuja upande wetu badala ya kwenda uwanjani. Wengine wanakimbia, wengine wanatembea wakishika kichwa. Kulikuwa na msongamano langoni na watu walikanyagana. Saba walikufa jioni hiyo. Walienda kutazama mpira tu, Ingwe na Gor wote, na hawakurudi. Mimi sikuelewa chochote, nilikuwa nauliza mbona hatuingii. Baba aligeuza baiskeli bila kusema neno akanirudisha nyumbani, na njia yote mkono wake mmoja ulikuwa kwenye usukani na mwingine umenishika kifuani, kwa nguvu mpaka ikauma. Mathee alikuwa amesimama kwenye geti. Alikuwa ameshasikia redioni.

Baada ya hapo baba hakunipeleka kwenye Mashemeji tena. Yeye mwenyewe hakuenda. Nilianza kwenda peke yangu nikiwa kidato cha pili, kwa siri, na nadhani alijua. Yeye alibaki na redio yake ndogo aliyoifunga kwenye usukani wa Mamba kwa mpira wa tyubu. Siku ya mechi alikuwa anaizungusha baiskeli kwenye uwanja wa watu, polepole, akizunguka mparachichi, redio ikitangaza. Akifungwa anasimama. Alikuwa anasema watangazaji wa siku hizi wanajua majina lakini hawajui kukuonyesha mpira, si kama Leonard Mambo Mbotela, ambaye ukimsikiliza ulikuwa unamwona Kadenge hata ukiwa Vihiga umefumba macho. Kadenge aling’ara kabla baba ajue kutembea vizuri, kwa hivyo hiyo hesabu haijawahi kunishika, lakini sikuwahi kumuuliza. Kuna vitu mzee akisema unaviacha.

Mnajua ninyi kwamba niliacha chuo. Nimelisema kwenye video na mkanipigia makofi, ati jamaa amefuata ndoto. Kile ambacho sikusema ni hiki. Nilikuwa mwaka wa tatu, biashara. Sitaki kudanganya kwamba ni karo pekee. Karo ilikuwa tatizo lakini tatizo kubwa lilikuwa mimi, nilikuwa nimeacha kuingia darasani, nakesha nikihariri video za mpira. Januari mwaka jana baba alinitumia elfu kumi na mbili akaniambia nimalizie deni la muhula. Sikulipa. Nilinunua simu, hii ambayo mnasifia picha zake. Nikaendelea kutoka nyumbani asubuhi na begi mgongoni kwa miezi kadhaa. Nilikuwa nakaa kwa beshte yangu Kangemi narekodi. Jioni mathee ananiuliza mmesoma nini leo, na mimi namwambia.

Halafu Agosti 2025 nyumba ikauzwa. Kama unaishi upande wetu unajua jinsi inavyokuwa: ukuta wa mabati unazunguka uwanja, picha ya ghorofa kumi na kitu inapachikwa, mparachichi unalala siku moja. Mwenye nyumba alimpa baba hadi mwisho wa Septemba. Miaka ishirini na saba. Sitaingia kwenye hiyo kwa sababu nitatukana.

Kitu cha ajabu ni kwamba huo mwezi wa Agosti ndio tuliokuwa tumefurahi pamoja kuliko wakati wowote. CHAN ilikuwa hapa kwetu, Harambee Stars wakaifunga Morocco moja bila Kasarani, na kwa mara ya kwanza maishani niliona mathee na baba wameshangilia goli moja. Walikumbatiana halafu wakaachana haraka kama watu waliokosea nyumba. Tulipotolewa na Madagascar kwa penalti hakukuwa na wa kuosha vyombo. Tuliviacha vikalala.

Jioni moja ya Septemba baba akaniambia, “Kijana, azima ile baiskeli ya jirani. Twende Nyayo.”

Nikamwambia Baba, leo hakuna mechi.

“Najua.”

Mathee alitoka mlangoni akamtazama. Nilidhani atakataa. Akasema tu msichelewe, akaingia ndani.

Tulitoka saa kumi na moja na nusu. Yeye kwenye Mamba, mimi kwenye baiskeli ya gia ambayo kiti chake kilikuwa kinanichoma. James Gichuru ilikuwa imesimama kabisa, magari hayasongi, na ndiyo raha ya baiskeli Nairobi jioni: watu wote wenye pesa wamekaa kwenye viti vyao wakikuangalia ukipita. Baba ana miaka hamsini na tano na anaendesha kama mtu anayekwenda kanisani, mgongo wima, hakimbii, hasimami. Kufika Waiyaki Way tukaingia kivulini chini ya Expressway. Juu yetu magari yanalipa ili yapite haraka, kilomita 27 hadi Mlolongo, na baiskeli haikubaliwi huko. Chini huku njia ya baiskeli inaanza vizuri halafu inaisha bila kukuaga, unajikuta kwenye mchanga katikati ya mama anayechoma mahindi na boda watano wanaogombania mteja. Baba anawasalimia wote. Nilikuwa sijui kwamba anajulikana kiasi hicho. Mama wa mahindi alimuuliza, “Baba, leo umebeba kijana?” Akajibu, “Leo amejibeba.”

Tulishuka Chiromo. Pale kwenye mteremko hakusema kitu, lakini nilimwona ameangalia upande wa kulia, pale palipokuwa na yule fundi. Mti haupo.

Kwenye mzunguko wa University Way taa zilitushika. Wanafunzi walikuwa wanavuka, mabegi mgongoni, wanacheka. Chuo changu hakikuwa hicho, lakini nilitamani taa zibadilike. Baba aliwatazama mpaka wa mwisho akavuka. Halafu tukaendelea, Uhuru Park kulia kwetu, jua limeshuka nyuma ya miti, hiyo rangi ya Nairobi ya saa kumi na mbili na nusu ambayo hudumu dakika kama kumi halafu ni usiku.

Nyayo ilikuwa imefungwa. Wameipamba kwa ajili ya CHAN, imekuwa safi mpaka inatia wasiwasi. Wale korongo marabu walikuwa juu ya migunga yao wamesimama kama wazee wa kamati. Baba aliegemeza Mamba kwenye uzio, akavua kofia, akasimama. Nilidhani anaomba. Labda alikuwa anaomba. Nikatoa simu nirekodi, ni mazoea, mkono unaenda wenyewe.

“Hiyo ndiyo elfu kumi na mbili?” akaniuliza.

Sikuwa na la kusema. Nikairudisha mfukoni.

Alijua tangu Machi mwaka huo wa kwanza. Kijana wa duka la chapisho Kawangware alimwonyesha video yangu moja, akimsifu, ati mzee mtoto wako ni staa. Aliangalia tarehe na saa. Alirudi nyumbani akanikuta natoka na begi, akaniambia soma kwa bidii. Mimi nakumbuka hiyo asubuhi. Nilimjibu sawa, Baba.

“Sikukasirika kwa sababu ya chuo,” akasema. “Chuo ni chako. Zile pesa zilikuwa za mabati. Nyumba ya Vihiga ina kuta, haina paa. Nikasema kijana amalize kwanza, mabati yatangoja. Sasa naenda kukaa wapi?”

Hakupaza sauti. Alikuwa anaongea akiangalia lango. Nikamwambia nitalipa. Akasema najua utalipa, mimi sijakuuliza utalipa lini, nimekuuliza naenda kukaa wapi. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine kabisa, akaanza kunionyesha kwa kidole ni wapi tulikuwa tumesimama 2010. Pale. Baiskeli hapa, wewe hapa, watu wanatoka kule. Akasema miaka yote hii kuna kitu humuamsha usiku: yule fundi alikuwa na foleni ya watu wawili mbele yetu, na yeye baba alimwomba fundi amtangulize kwa sababu mtoto analia, na fundi akakataa. Alimtukana yule fundi. Hakuwahi kurudi kumwambia pole. Aliporudi kumtafuta, mwaka uliofuata, hakumpata.

Tulikaa hapo mpaka askari wa lango akaja kutuuliza tunataka nini. Baba akamwambia tunangoja Ingwe ichukue ligi. Askari akacheka akasema basi mzee, leteni mahema. Alikuwa Gor.

Kurudi ni mlima. Mtu yeyote anayeendesha kutoka mjini kwenda Westlands anajua Chiromo haina huruma. Nilikuwa na gia na nilichoka kabla yake. Pale juu kabisa alishuka akaanza kusukuma, nikashuka pia, tukasukuma pamoja hadi mataa ya Westlands bila kuongea. Redio yake ilikuwa imewashwa kwa sauti ya chini, taarifa ya habari, mambo ya bei ya mafuta.

Walihama wikendi ya mwisho ya Septemba. Mathee na sista walibaki Nairobi, tumepata chumba Kawangware kwa sababu sista yuko kidato cha nne. Baba alipanda basi la Vihiga akiwa na begi moja na redio. Mamba aliiacha. Nilimwambia aibebe, basi zinabeba baiskeli juu. Akasema kule kwao ni milima na ameshasukuma vya kutosha. Sasa anakaa kwa ndugu yake. Nimetuma mabati ya kwanza, kumi, na kila pesa inayotoka kwa hizi video natoa sehemu. Sijamaliza. Wale mnaoniuliza mbona siku hizi nakubali matangazo ya kila kitu mpaka ya dawa ya mende, hiyo ndiyo sababu.

Na bado naenda uwanjani. Naenda na Mamba, ndiyo maana mnaiona. Ngoma za isukuti zikianza nampigia baba, naweka simu karibu na wapigaji asikie, sisemi chochote, yeye pia hasemi, tunakaa hivyo kama dakika mbili tatu mpaka salio linaanza kuisha. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani atasema kitu kikubwa. Nilisubiri. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu anaita kwa mbali.

Akaniuliza, “Hiyo baiskeli umeifunga na mnyororo?”